Ruzuku ya kaya maskini vijijini Moshi na Arumeru: tarehe ya malipo ina uzito kuliko kiasi

Tuanze na hesabu, maana wengi huzisifu au kuzibeza fedha za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, bila kujua ni kiasi gani. Katika kipindi cha kwanza cha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa Agosti 2012, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto wa chini ya miaka 18 iliongezewa 4,000. Yenye mtoto wa chini ya miaka 5 anayepelekwa kliniki, 4,000 nyingine. Mwanafunzi wa shule ya msingi alihesabiwa 2,000, wa kidato cha kwanza hadi cha nne 4,000, wa cha tano na cha sita 6,000, na kikomo kilikuwa 38,000 kwa kaya kwa mwezi. Chukua mama wa Uru mwenye mtoto mmoja wa kliniki na wawili wa shule ya msingi: 10,000, na 4,000 ya watoto, na 4,000 ya kliniki, na 4,000 ya shule. Jumla 22,000. Malipo yalitoka kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo siku ya kulipwa alishika 44,000.

Ni fedha ndogo? Ndogo. Lakini ipime kwa vitu vya kijijini. Bima ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa ilipokuja ikidai 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, malipo ya mara moja tu yaliilipa na kubakiza 14,000 ya sabuni ya mche, chumvi, mafuta ya kula na madaftari. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa zamani na ya sekondari ya kawaida ilifutwa kuanzia Januari 2016, lakini sare, viatu na debe la mahindi la chakula cha mchana shuleni havikufutwa, na vitu hivyohivyo ndivyo humrudisha mtoto nyumbani. Tathmini ya majaribio ya awali, yaliyoanza mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, ilikuta kaya zilizopokea fedha zimekata bima ya afya kwa wingi kuliko zile ambazo hazikupokea, watoto wana viatu zaidi, na kuku na mbuzi wameongezeka nyumbani. Viatu, bima, kuku: ukijua maisha ya kijijini, orodha hiyo haikushangazi.

Huduma hii ina thamani, na atakayesema vinginevyo hajaingia jikoni kwa mtu. Kinachoipandisha au kuishusha ni siku inayofika.

Tazama kalenda ya mlimani. Januari shule zinafunguliwa, na kaya nyingi za Uchagani bado zina kitu kidogo kilichoachwa na watoto waliopanda kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya Krismasi. Ikifika Februari kimeisha. Mwezi huo huo shamba la tambarare linatakiwa kulimwa, kwa sababu masika huanza katikati ya Machi na mahindi yanayochelewa kupandwa hupatwa na jua yakiwa kwenye kutoa mbelewele. Hapo ndipo umaskini unapojizalisha wenyewe. Mama asiye na unga anaamka kwenda kibarua cha kupalilia shamba la mwenzake ili watoto wale jioni, na lake linangoja. Mahindi machanga hayavumilii magugu katika wiki tatu au nne za mwanzo. Ukipalilia wiki ya sita umeshapoteza sehemu ya mavuno ambayo mbolea haiwezi kuirudisha. Kwa hiyo anavuna kidogo, na Februari inayofuata anarudi kwenye kibarua kilekile.

Sasa weka 44,000 mkononi mwake mwishoni mwa Februari. Ananunua unga wa wiki tatu, mbegu kilo chache, na muhimu kuliko vyote, anabaki shambani kwake. Weka 44,000 hiyo hiyo mwishoni mwa Aprili: italipa deni la dukani na kuisha. Noti ni zile zile, ila za Februari zimezaa mahindi na za Aprili zimezima moto tu.

Deni lenyewe linafuata tarehe. Mwenye duka wa kijijini akijua dirisha la malipo hufunguka lini, humwandikia mlengwa kwenye daftari kwa bei ya kawaida, maana anajua atalipwa. Tarehe ikiyumba, bei inapanda au daftari linafungwa, na mama anaelekezwa kwa wakopeshaji wa kausha damu au kwa mnunuzi wa kahawa ikiwa bado mtini. Wote wawili hawana huruma. Mkungu wa ndizi unaouzwa wiki mbili kabla ya kukomaa huleta pungufu kwa mwenye mgomba, na mnunuzi ndiye anayesubiri ukomae. Mratibu yeyote anayetaka kuongeza thamani ya ruzuku bila kuongeza shilingi hata moja aanzie hapa: tarehe itangazwe kwenye mbao za ofisi ya kijiji miezi miwili kabla, na isisogezwe.

Njia ambayo fedha hupita ndiyo sehemu ya pili ya kupima. Zipo tatu. Ya kwanza ni taslimu mezani, ofisi ya kijiji: benchi, daftari, wino wa dole gumba, wanakamati wa jamii wakihesabu noti mbele ya watu. Ubaya wake unajulikana. Mlengwa anapoteza siku nzima, mgonjwa analazimika kubebwa au kutuma mwakilishi, na wenye madai wanamsubiri nje ya mlango. Uzuri wake husahaulika: kila mtu anaona kila mtu kapewa nini, na mama asiyejua kusoma anahesabu noti zake mwenyewe kabla ya kuondoka.

Ya pili ni simu. Kwa kijana ni rahisi. Kwa bibi wa miaka 74 mwenye kiswaswadu kilichofungwa kwa mpira ili betri isidondoke, kila hatua ina mtego wake. Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole huzimwa, na usajili unadai namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20. Vidole vya mtu aliyeshika jembe miaka 50 vimesagika; mashine inavikataa mara ya kwanza, ya pili, hadi fundi wa usajili anachoka na bibi anarudi nyumbani. Dawa yake ni ndogo. Aoshe mikono kwa maji ya vuguvugu na sabuni, apake mafuta kidogo, afute, kisha ajaribu vidole vingine badala ya kung'ang'ania dole gumba. Mtego wa pili ni majina. Kwenye dodoso la kijiji aliandikwa kwa jina la nyumbani au la mume, kwenye NIDA yupo kwa jina la ubatizo na la baba, na malipo hukwama kwa sababu majina hayaoani. Hili lirekebishwe kabla ya dirisha la malipo, kupitia kamati ya jamii hadi kwa mratibu wa halmashauri, na mlengwa aondoke na karatasi au angalau jina na tarehe ya aliyempokea.

Mtego wa tatu ni kuazima laini. Mama asiye na simu huandikisha namba ya jirani au ya mtoto wa shemeji. Siku ya kwanza mambo huenda vizuri. Mwezi wa nne jirani amehamia Arusha mjini, au ana deni la huduma ya kukopa fedha kwa simu na ruzuku inakatwa juu kwa juu mara inapoingia. Laini iwe ya mlengwa mwenyewe, hata kama simu ni ya mwingine. Na laini iwe inatumika: ikikaa kabatini muda mrefu bila muamala wala kupiga, kampuni huifunga na namba hupewa mtu mwingine. Kumpigia mtoto mara moja kwa wiki kunatosha kuiweka hai.

Kisha kuna wakala. Kaya 100 za kijiji kimoja zikilipwa asubuhi moja na wakala ni mmoja, kufikia saa tano hana noti. Anamwambia mama achukue 20,000 leo na nyingine kesho, na kila utoaji una makato yake. Makato ya kutoa hupangwa kwa madaraja, na kutoa mara mbili kiasi kidogo huwa ghali kuliko kutoa mara moja. Juu yake iliongezwa tozo ya serikali Julai 2021, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, na tena mwaka 2022. Asiye na haraka asubiri siku mbili, foleni na uhaba wa noti vipungue. Mwenye haraka aende siku ya soko, kwa mfano Tengeru Jumatano au Jumamosi, ambako mawakala ni wengi na wafanyabiashara wanaweka fedha mchana kutwa. Namba ya siri asitajiwe mtu yeyote, hata wakala mwenye roho nzuri. Bibi asiyeona vizuri afundishwe kuibonyeza kwa kuhesabu vitufe kwa kidole. Kitufe cha tano kwenye simu za aina hiyo kina kinundu, na kuanzia hapo vingine vyote hupatikana.

Njia ya tatu, akaunti ya benki kupitia wakala wa benki, inafaa kwa anayetaka kubakiza kitu bila kushawishika. Kwa kaya ya Kibosho juu au ya miteremko ya Meru, nauli ya kwenda na kurudi inaweza kula faida yote. Kwa mazingira ya huku, simu yenye laini ya mlengwa mwenyewe ndiyo bora kwa walio na macho na mtandao, na taslimu mezani ibaki kwa wazee na wenye ulemavu. Kulazimisha njia moja kwa wote ni kosa.

Uteuzi wa kaya unastahili neno, kwa sababu mlimani una tatizo lake. Utaratibu ni wa ngazi tatu: kijiji kinachaguliwa, mkutano wa hadhara unataja kaya maskini kwa vigezo ulivyojiwekea, kisha dodoso linajazwa na kompyuta inapima hali ya kaya kwa vitu vinavyoonekana, na majina yanarudi mkutanoni kuthibitishwa. Tambarare za Longido au Monduli, vitu vinavyoonekana vinasema ukweli kiasi. Moshi, karibu kila nyumba ina bati. Mjane anaweza kuwa anaishi kwenye nyumba ya matofali aliyojengewa na mwanawe zamani, akiwa na kihamba, shamba la nyumbani, chenye kahawa na migomba, na asiwe na unga wa kesho. Bati halipikwi. Mkutano wa kijiji unajua hilo, dodoso halijui. Kwa hiyo kaya kama hiyo inapotajwa, mwenyekiti ahakikishe maelezo ya ziada yanaandikwa: mwanawe hatumi tena, mibuni ni mizee, anayelima ni yeye peke yake. Anayeenguliwa ana haki ya kulalamika kwa kamati ya jamii, na malalamiko ya maandishi hupata majibu haraka kuliko ya mdomo.

Masharti ni mepesi kuyaeleza: mtoto wa shule ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, mtoto mdogo apelekwe kliniki kwa ratiba. Fedha hukatwa mara nyingi kwa sababu ya karatasi. Mtoto amehamia shule nyingine na jina limebaki kule. Kadi ya kliniki imelowa mvua. Mwalimu hajajaza fomu. Mzazi apite shuleni kabla fomu haijaondoka, aulize jina la mtoto, aone kwa macho yake. Lipo jambo zito zaidi ambalo masharti hayaligusi. Utafiti uliofanywa kwenye mpango huu nchini ulikuta watoto wa kaya zinazopokea wakipungua kwenye vibarua vya nje na kuongezeka kwenye kazi za kaya yao, hasa mifugo. Ni afadhali mtoto achunge mbuzi wa kwao kuliko kuponda kokoto, lakini mzazi anayenunua mbuzi kwa ruzuku ajiulize kwanza nani atakata majani, saa ngapi.

Kazi za muda ambazo mpango huwapa walengwa zililipa 2,300 kwa siku katika kipindi cha kwanza na 3,000 katika kipindi cha pili kilichozinduliwa Februari 2020, kwa siku 60 kwa mwaka. Ni 138,000 na 180,000, yaani fungu la kufanyia jambo. Kusafisha mifongo (mifereji ya asili ya umwagiliaji), kuchimba makinga maji, kupanda miche kwenye miteremko: kazi hizo zina maana kubwa hapa, ardhi inapomomonyoka kila masika. Zifanyike kiangazi, Juni hadi Oktoba. Zikiangukia Machi zinamtoa mtu shambani kwake kama kibarua kingine chochote.

Sasa kuku, maana karibu kila mlengwa huanzia hapo na wengi huishia hapo. Mtego mkubwa ni kideri. Mama ananunua matetea watano na jogoo mnadani, anawachanganya siku hiyohiyo na wawili aliokuwa nao, na baada ya wiki moja au mbili wote wameinama, kinyesi cha kijani, banda limebaki manyoya. Kuku wa mnadani watengwe siku 14 kabla ya kuchanganywa. Wachanjwe kwa chanjo ya kideri ya matone, tone moja jicho moja, na irudiwe kila miezi mitatu. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, na hapo ndipo wengi huacha kwa kuona ni hasara. Majirani kumi wachange, wakusanye kuku jioni wakiwa wameingia bandani, wachanje kwa pamoja. Kuku aliyekwisha kuugua hatibiki kwa chanjo, na kumchanja ni kupoteza dawa. Tetea wa kienyeji hutaga mayai 12 hadi 15 na kuatamia siku 21. Vifaranga wasiachwe kumfuata mama yao mapema. Mwewe na baridi ya mlimani hula nusu yao katika mwezi wa kwanza. Tenga la mianzi lililofunikwa, majivu chini, pumba za mahindi na dagaa waliosagwa kidogo, wiki nne. Kwa utaratibu huo kuku watano hufika 30 ndani ya mwaka. Bila chanjo hata 100 huisha kwa wiki.

Wasiwasi wa kwamba fedha zitaishia kwenye mbege, pombe ya ndizi, husikika kila mkutano. Mapitio ya Benki ya Dunia yaliyokusanya tafiti za nchi mbalimbali hayakukuta fedha taslimu zikiongeza unywaji wala uvutaji. Mlevi yupo, alikuwepo kabla ya ruzuku. Mpango kumtambua mama kama mpokeaji ni uamuzi mzuri, na ulindwe.

Kaunti ya Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly lilitoa fungu kubwa, kama dola 1,000 kwa kaya, kwa kaya zaidi ya 10,000, na watafiti wakafuatilia. Kila dola iliyoingia ilizungusha uchumi wa eneo kwa dola 2.5 hivi, na bei sokoni karibu hazikupanda. Utafiti mwingine hukohuko ulionyesha kwamba fungu la mara moja huenda kwenye bati na vitu vya kudumu, na la kila mwezi huenda kwenye chakula. Kaya ya Arumeru inahitaji vyote viwili: kidogo cha uhakika kila miezi miwili, na fungu moja la maana mwezi wa Februari. Wasiopata fungu hujitengenezea wenyewe kwenye vikundi vya kuweka na kukopa: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu wasio viongozi, hisa kila wiki, na mgawo upangwe Februari badala ya Desemba. Mgawo wa Desemba huliwa na sikukuu.

Kwa malipo ya Julai au Agosti, mahindi yakiwa bei ya chini, ununuzi wenye faida kuliko wote ni gunia. Debe 6 hujaza kilo 100 hivi, na kaya inayopika kilo moja na nusu kwa siku italila siku 66. Likihifadhiwa vibaya, dumuzi anayeitwa Scania hulifanya unga kabla ya Desemba. Tumia mfuko wa kinga njaa wenye tabaka tatu. Kwanza pima ukavu: punje chache na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Kagua mfuko wa ndani kwa kuupuliza, uone kama unavuja. Jaza, shindilia kwa kutikisa, acha upande wa juu sentimita 30 wazi, kamua hewa, sokota, kunja, funga kwa kamba ya mpira. Wa pili vivyo hivyo, kisha wa nje. Usiweke dawa yoyote; wadudu waliomo watakosa hewa na kufa. Uweke juu ya chaga, mbali na ukuta na panya, na usifunguliwe kuonja. Ufunguliwe Februari, wiki ya kulima.